Miaka Mitatu ya Kujitolea

Jumatatu, tarehe kumi na saba Mei. Mvua ya masika ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na haikukatika mpaka adhuhuri. Ikipungua kidogo, watu wakajaribu kutoka, inarudi.

Ndivyo nilivyozoea kuanza daftari hili, hali ya hewa kwanza, mambo ya watu baadaye. Leo mambo ya watu yamenikaa kooni. Nataka niyaandike kama yalivyokuwa, nisimzidishie mtu ubaya asiokuwa nao, na hilo si jepesi, maana nimekasirika. Mtu aliyekasirika mkono wake unakwenda mbio kuliko akili. Tena elimu yangu ni ndogo. Niliishia Fomu Tu, yaani kidato cha pili. Mtihani ulinishinda, nikarudi nyumbani Wingwi kulima muhogo. Kwa hivyo pengine hata hasira zenyewe sikustahiki. Nitaandika, halafu nitajisoma.

Jambo lenyewe ni barua. Nilitaka barua moja, yenye saini na muhuri, isemayo nimefanya kazi gani kwa miaka mitatu. Mkoani imetangazwa nafasi ya fundi wa kompyuta katika ofisi fulani. Tangazo linataka mtu aliyemaliza Fomu Foo na mwenye cheti cha kompyuta, au mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu uliothibitishwa kwa barua ya mkuu wake wa kazi. Cheti sina. Hilo neno "au" ndilo lililokuwa langu. Na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa leo, saa tisa mchana.

Atakayesoma huenda akauliza, mtu wa Fomu Tu kayapata wapi mambo ya kompyuta. Niliyapata ofisi ya mifugo, huku kaskazini. Siku moja nilimsindikiza baba kuchukua kibali cha kumuuza ng'ombe wetu, karani hakuwepo, nikajaza fomu mwenyewe. Mkuu wa ofisi akaitazama.

"Mwandiko huu wako, binti?"

"Wangu, mzee."

"Basi njoo utusaidie. Nafasi ikitokea, weye wa mwanzo."

Huku kwetu ndivyo kazi inavyotafutwa. Unajitolea. Unaingia saa moja na nusu kama mtumishi, unatoka saa tisa na nusu kama mtumishi, kwenye daftari la mahudhurio jina lako halimo, mshahara hupati, na unangoja. Wapo waliongoja mpaka wakaolewa, wakazaa, na watoto wao sasa wanakwenda skuli, nao bado wanangoja. Sikulazimishwa. Naandika hilo wazi. Hakuna aliyenishika mkono akanikalisha kwenye kile kiti.

Mradi mmoja ulipomalizika ulituachia kompyuta tatu na printa. Tulizipanga mezani kama mabiarusi. Mke wa mkuu alizifumia vitambaa vyeupe vyenye maua pembezoni, kama tunavyofunika redio na televisheni majumbani, na sote tukasema vimependeza. Mwezi wa pili moja ikaanza kuzimika yenyewe. Ikafuata ya pili. Mkuu akasema ni umeme, na haki yake, kwani umeme wetu ni wa majenereta, na huo waya wa baharini kila siku wanatwambia uko njiani. Saa nyengine taa zinang'ara mpaka utazame kando, saa nyengine zimebaki kama kipisi cha sigara. Lakini nilipoweka mkono nyuma ya ile mashine niliona inachoma kama chungu. Vitambaa vilikuwa vimeiziba pumzi. Nikavivua, nikavikunja, nikavitia kabatini.

"Nani kavua vitambaa?" mkuu akauliza.

"Ni miye, mzee. Mashine zinapata joto."

"Zinapata joto! Weye ushakuwa daktari wao?"

"Hapana, mzee. Nimezigusa tu."

"Basi utakwenda nyumbani kwangu umwambie mwenyewe kwamba vitambaa vyake vinaua kompyuta. Miye simo."

Alicheka, nasi tukacheka. Hazikuzimika tena kwa sababu ile. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyoanza, ingawa sikujua kuwa naanza kitu.

Nilijifunza kwa kuharibu. Niliifungua moja nikashindwa kuifunga, nikakaa nayo siku mbili nikijifanya naisubiri ikauke. Nilijua kwamba ikilia mlio mrefu na kioo kikabaki cheusi, kile kibao kidogo cha kumbukumbu ukikichomoa ukakisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, mara nyingi inaamka. Vumbi nililitoa kwa bomba la baskeli. Maneno ya Kiingereza yaliyotokea kwenye kioo niliyanakili herufi kwa herufi, na jioni nikampelekea mwalimu jirani yetu. Siku moja nilimjia na mistari mitatu, nimejawa na hofu.

"Inasema ubonyeze kitufe chochote," akaniambia. "Ndiyo yote hayo. Siku mbili umekaa nayo hii?"

"Siku mbili, mwalimu."

"Pole, dada yangu."

Na masika kama haya karatasi zinavuta unyevu, zinagandana, printa inazitafuna. Kwa hilo nilitafuta bati la biskuti, nikatia vipande vya makaa baridi chini, nikaweka karatasi juu yake. Mwaka wa tatu ofisi za jirani zikiharibikiwa zilikuwa zikituma mtu: mwiteni yule mwanamke wa mifugo. Nilikuwa nikifika, wengine wananiuliza kwanza habari za ng'ombe.

Mwaka huohuo akaja kijana mmoja, ametoka chuo Unguja na diploma yake, naye kujitolea. Ningependa kumwandika vibaya lakini sina la kuandika. Alijua vitu nisivyovijua. Kiingereza cha mashine alikisoma kama anasoma bango la duka. Nikimuuliza nisichokijua alinieleza bila kunicheka, nami nikamwonesha kifutio, bomba na bati la biskuti, mambo ambayo chuoni hayasomeshwi. Akiniita "mwalimu", kwa mzaha, lakini hata mzaha ule nilikuwa naupenda.

Halafu ikaja ile wiki ya daftari la chanjo.

Kwa mwaka mzima tulikuwa tumeingiza kwenye kompyuta ng'ombe wote na mbuzi wote waliochanjwa katika wilaya, kila mnyama na mwenyewe, rangi yake, alama ya sikio. Wenyewe walikuwa wamewaswaga hao wanyama kwa miguu kutoka Shumba na kwengine, njia mbovu, jua kali, foleni mpaka magharibi. Ripoti ilikuwa inangojwa Unguja. Mkuu akaja asubuhi na flashi yake, ina picha za harusi ya mwanawe, akaitia atuoneshe. Picha tuliziona, biarusi kapendeza. Tulipozifunga, lile faili la chanjo halikuwepo. Wala mengine hayakuwepo. Kilichobaki ni vijialama vyenye majina yaleyale, ukivibonyeza havifunguki.

Mkuu alikaa kitako kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kijana wa diploma akasema ni virusi, dawa yake ni kuifuta mashine yote na kuanza upya. Hakusema kwa ujinga, ndivyo alivyofundishwa. Mimi nikaomba nitazame kidogo. Nikaangalia ile sehemu inayoonesha nafasi iliyojaa na nafasi iliyobaki. Ilikuwa imejaa vilevile kama jana. Nikajiambia, basi hili ni kama pakacha lililofunikwa: ndani huoni kitu, lakini ukilinyanyua zito. Vitu vimo. Vimefichwa tu.

"Mzee, msifute."

"Una hakika?"

"Sina hakika. Lakini msifute."

Siku nne. Nilijaribu hiki, nikanakili maneno, nikampelekea mwalimu, nikarudi. Kijana alinisomea kitabu chake, sehemu moja ya jibu ilitoka humo, na naiandika ili isionekane nilikuwa peke yangu. Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, faili lilifunguka. Niliteremka nalo mstari kwa mstari nikilinganisha na fomu za karatasi. Hakukosekana mnyama.

Mkuu alinishukuru kwa maneno mazuri mno. Halafu akafunga mlango, akasema: "Hili liishie humu ndani. Unguja wakisikia tuliipoteza, hata kwa siku moja, tutaulizwa mengi." Nikasema ndiyo, mzee. Nikaahidi. Nalikumbuka hilo nalo, maana leo kama kuna mtu aliyetaka kuvunja ahadi, ni mimi.

Miezi michache baadaye nafasi ikatangazwa, ya kwanza, hapohapo kwetu. Tukaomba wawili, mimi na kijana. Na hapa lazima nieleze jinsi barua ya uzoefu inavyoandikwa, kwa sababu ndipo nilipojikata mwenyewe. Mkubwa haiandiki. Mkubwa hana wakati. Anakwambia, "Andika mwenyewe, nitatia saini," na unajiandikia, kana kwamba ni yeye anayekusema.

Mimi nimelelewa kwamba mgeni akikuuliza umepika nini, unajibu "maji tu haya", hata kama sufuria ina pilau. Ukiulizwa kama unajua kufuma, unasema unajaribu. Nikaandika hivi: "Ameisaidia ofisi katika kazi ndogo ndogo za kompyuta kadiri ya uwezo wake." Niliisoma mara tatu nikaona ni ya haki, haina uongo. Mkuu alitia saini huku anaongea na simu. Kijana naye akaandika yake: "Amesimamia mfumo mzima wa kompyuta wa ofisi." Mkuu akatia saini, bado yuko kwenye simu. Barua mbili, siku moja, kalamu moja, ofisi moja, na hakuona kwamba moja inaikana nyenzake.

Kwenye usaili walikuwa watu watatu. Aliyeniuliza alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Bi, barua yako yasema ulikuwa ukisaidia. Ukimsaidia nani?"

"Nikiisaidia ofisi."

"Ofisi ilikuwa na fundi?"

"Haikuwa na fundi."

"Sasa ikiharibika mashine, nani akitengeneza?"

Jibu lilikuwa neno moja. Niliona kama nikilitoa nitakuwa nimejisifu mbele ya watu wazima, na yule kijana yuko nje anangoja zamu yake.

"Tukijaribu jaribu," nikasema.

"Na unajua kompyuta?"

"Kidogo kidogo."

Akaandika. Nilimwona anaandika maneno mawili, na nikayajua ni yapi.

Kijana akapata. Mama akasema ni chama tu hicho, na majirani wakasema hivyohivyo, maana kwetu miaka hii ya vyama vingi mtu akikosa kitu, jambo la kwanza linaloulizwa ni bendera iliyo juu ya paa la kwao. Sisemi hayo hayapo. Nimeona watu wakinyimwa karatasi zao za haki kwa sababu ya baraza wanalokaa jioni. Lakini bendera ya kwa yule kijana ni hii hii ya kwetu, na mkuu katika miaka mitatu hajaniuliza hata siku moja nampigia nani kura. Hakuwa mtu mbaya. Mama alipolazwa alinipa ruhusa siku kumi, ingawa ruhusa ya mtu asiyeajiriwa sijui ni ruhusa gani. Aliniheshimu kama binti yake. Ndiyo maana najiuliza kama nina haki ya kumkasirikia.

Kijana hakukaa, baada ya miezi mitano alihamishiwa Unguja. Nafasi haikutangazwa tena. Nikarudi kwenye kiti changu, najitolea.

Basi lilipotoka hili tangazo la Mkoani nikajiapia kwamba safari hii sitaandika maji. Jumamosi nilikaa ofisini peke yangu nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Niliandika kila kitu, pamoja na niliyoyaharibu: kwamba niliwahi kuunguza kifaa cha umeme cha mashine ya pili kwa kukosea swichi, ili asije mtu akasema nimechagua mazuri tu. Na katika aya ya tatu niliandika habari za daftari la chanjo. Sikutaja flashi ya nani. Niliandika virusi tu, kama vile vimeingia na upepo. Nilijiambia ahadi yangu ilikuwa kutomwaibisha mtu, na hapo sijamwaibisha mtu. Pengine nilijidanganya.

Leo asubuhi nilifika nimelowa, barua imo ndani ya mfuko wa plastiki chini ya buibui. Nje, kwenye ubao wa baraza, alikuwa ameketi mzee mmoja kutoka Shumba anangoja kibali cha kumsafirisha fahali wake. Meli ya kesho asubuhi, Mkoani. Mkuu alikuwa anakunywa chai. Nikamwamkia, nikampa barua na kalamu.

Na safari hii akaisoma. Katika miaka yote sijapata kumwona akisoma barua aliyoambiwa atie saini. Nadhani ni urefu wake uliomshtua.

"Hii barua au hotuba?"

"Ni niliyoyafanya, mzee."

"Naona. Umejimwaga." Akaendelea, kidole kinafuata mstari. Kikasimama. "Hapa pana maneno ya ng'ombe kupotea."

"Ng'ombe hawakupotea. Daftari ndilo lililopotea, tena halikupotea, lilifichwa."

"Huko Mkoani wakisoma watajua tofauti? Watapiga simu Unguja waulize, kwani ninyi mlipoteza daftari la chanjo lini? Nani ataulizwa? Si miye?"

"Sikukutaja, mzee."

"Saini yangu si itakuwa hapa chini?"

Hapo alikuwa na haki, na nilikuwa sijalifikiria. Nikatafuta njia nyengine.

"Basi niandike virusi nimevileta miye. Kwa flashi yangu. Kosa liwe langu, lakini isemwe nani aliyelirudisha."

Akaweka kikombe chini. "Nd'o mbaya zaidi. Wataniuliza, huyo mwanamke alikuwa akitia flashi kwenye mashine ya Serikali kama nani? Weye si mtumishi, mwanangu. Kwenye daftari la mahudhurio weye humo. Kwenye orodha ya mishahara humo. Kwa karatasi, weye hujapata kuwepo humu ndani."

Alisema kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto mambo ya dunia, bila ukali, na sidhani kama alijua amesema nini. Nikamtazama. Kiti nilichokuwa nimekishika mgongo nilikitengeneza mguu mwenyewe, kwa msumari kutoka nyumbani. Siku zote zile za kuingia saa moja na nusu, mvua hii hii, tope hili hili, na mtu mkubwa mwenye akili zake ananiambia sikuwepo, na mbaya ni kwamba anasema kweli. Kazi walikuwa wakiitaka. Jina la mwenye kazi ndilo lisilokuwa na pahala pa kuandikwa. Wangeniambia tangu siku ya kwanza kwamba hiki tunachokifanya hakitahesabiwa popote, ningelima muhogo wangu, na muhogo angalau ukiupanda unaonekana ni wako.

"Iondoe hiyo aya," akasema. "Zilizobaki natia saini sasa hivi. Hata ile ya kuunguza kifaa naiacha, ingawa sijui umeiwekea nini."

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arubaini. Gari ya Mkoani inapita saa nne, ya pili baada yake haifiki kwa wakati. Ningekataa, ningebaki na barua nzima isiyo na saini, yaani sina kitu. Nikaenda kwenye mashine, nikaifuta aya ya tatu. Inafutika upesi mno. Kwenye bati la biskuti zilikuwa zimebaki karatasi mbili kavu, nikazitumia. Akatia saini, akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke, kwa wema kabisa.

Nilipokuwa naitia kwenye mfuko wangu akasema, "Na kabla hujaondoka, itazame printa. Tangu umeinuka inakula karatasi, na yule mzee anangoja kibali."

Nilijua ina nini. Zile kavu mbili za mwisho nilizimaliza mimi, zilizobaki zina unyevu, na dawa yake ni nusu saa juu ya makaa.

"Siwezi, mzee," nikasema. "Miye simo humu."

Hakunielewa kwanza. Halafu akaelewa. Uso ukambadilika, si kwa hasira, kwa haya, na nikaona kwamba nimemvunjia heshima mtu aliyenizidi umri na aliyetoka kunitilia saini muda ule ule. Lakini sikulirudisha neno.

Tatizo lilikuwa yule mzee wa Shumba. Yeye hakunikosea. Amekaa barazani tangu alfajiri, fahali wake kamfunga kwenye mnazi wa jirani, analoa. Basi nikachukua fomu tupu ya zamani, nikakaa kwenye ubao pembeni yake, nikamwandikia kibali kwa mkono kama nilivyomwandikia baba.

"Siku hizi si mnaandika kwa mashine?" akauliza.

"Mashine inaumwa, babu."

"Na wewe si ndiye unayezitibu? Nilisikia."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Wanasema yuko mwanamke mifugo hapo, anafufua hata zilizokufa." Akaitazama karatasi, akaigeuza. "Huu mwandiko mzuri. Afadhali huu."

Nikaingia nikampa mkuu, akatia saini. Nilimtolea babu, nikafungua mwavuli wangu usiofunguka vizuri, nikaenda kungoja gari.

Mkoani nilifika saa nane na dakika ishirini. Karani alipokea bahasha, akahesabu karatasi, akagonga tarehe ya leo juu yake, akaitupa kwenye rundo. Rundo lilikuwa kubwa. Nilitaka kumwambia kuna jambo moja halimo humo, ndilo kubwa kuliko yote. Lakini karani si mkubwa wa usaili, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanasukumana. Nikaondoka. Nikiitwa kwenye usaili, nitaulizwa yaliyomo kwenye barua. Hiyo haimo, sitaulizwa.

Narudia kujisoma sasa, kama nilivyosema. Mkuu alikuwa na sababu, na sababu zake nyengine zilikuwa za kweli. Mimi nilitaka kuvunja ahadi, nikavunja na adabu. Kijana alipata kazi kwa kusema neno "amesimamia", na si uongo mkubwa. Nikiwapanga wote mbele yangu simwoni mwovu. Lakini hasira hazijapungua hata chembe. Labda zinapungua kwa watu waliosoma.

Ile aya, kwa kuwa hakuna pahala pengine pa kuiweka, naiweka hapa, bila saini wala muhuri, kama nilivyoiandika Jumamosi:

"Daftari la chanjo la wilaya lililokuwa ndani ya kompyuta lilifichwa na virusi. Aligundua kuwa halikufutika, akazuia mashine isifutwe, na kwa siku nne akalirudisha lote, akalilinganisha na fomu za karatasi, asikosekane mnyama hata mmoja. Katika sehemu moja alisaidiwa na mwenzake. Kazi hii aliifanya mwenyewe."

Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa imeanza tena. Mama alikuwa jikoni, hakuniuliza mpaka nilipobadilisha nguo.

"Wameipokea?"

"Wameipokea."

"Nzima?"

"Imepungua kidogo."

"Imepunguzwa na nani?"

"Nimeipunguza miye, kwa mkono wangu."

Akanitazama, akageukia chungu. Tulikula majimbi yaliyopikwa kwa tui zito, na papa mkavu wa kuchoma, ameloweshwa ndimu na pilipili. Baba alikula sahani mbili. Mimi nilimaliza yangu.